Hopsi zako uzitunzie kwenye nini: mfuko wa zipu, chupa ya kioo, vakyumu au mfuko wa foili?

Hopsi ni maua ya mmea yanayotiwa kwenye bia kuipa uchungu na harufu, na nyingi zinakuja zikiwa zimesagwa na kushindiliwa kuwa peleti. Peleti hizo ukizimwaga mezani zinafanana sana na chakula cha sungura, vipunje vidogo vigumu vya kijani kilichofifia, na dada anayetusaidia hapa nyumbani alishawahi kuchukua pakiti nzima akitaka kuwapelekea sungura, bahati nzuri akauliza kwanza. (Kama una mbwa kuwa makini zaidi. Hopsi ni sumu kwa mbwa, zinampandisha joto la mwili mpaka anaweza kufa, na hata zile ulizokwisha kuchemsha usizimwage jalalani anapopita.)

Lakini vunja kipunje kimoja kwa kucha afu unuse. Kama ni mpya unapata majani yaliyokatwa sasa hivi, ganda la chungwa, wakati mwingine utomvu wa msonobari, na vidole vinabaki na kitu cha njano kinachonata. Kama zimezeeka unapata jibini lililolala nje, au soksi za mtu aliyetoka uwanjani. Hiyo harufu ya pili nimeinusa mwenyewe jikoni kwangu hapa Sakina, Arusha, gramu 200 hivi za hopsi aina ya Cascade nilizokuwa nimezifunga na rababendi nikaziweka mlangoni mwa friji, zikakaa miezi saba, nakuja kuzifungua kimea kimeshachemka na kila kitu kiko tayari. Nilizitupa zote na ile bia nikaipika nusu nusu na nilichokuwa nacho.

Inauma zaidi kwa sababu huku kwetu hazilimwi. Mhopsi unataka siku ndefu za kiangazi ndipo utoe maua vizuri, na sisi tuko nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta, siku yetu ni masaa 12 Januari mpaka Desemba. Zinatoka Ujerumani kule Hallertau, Marekani bonde la Yakima, Ucheki, karibu zaidi ni Afrika Kusini upande wa George, na kwa wengi wetu zinafika kwenye begi la ndugu aliyeshuka uwanja wa ndege wa KIA. Wazee wetu wa mlima Kilimanjaro wao wanatia uchungu kwenye mbege, ile pombe ya ndizi, kwa gome la mti wa msesewe, likiisha mtu anarudi kwenye mti kubandua lingine. Wewe hopsi zikiharibika huendi soko la Kilombero wala la Mbuyuni kununua nyingine, unasubiri mtu mwingine asafiri.

Sasa watu wananiuliza wazitunzie kwenye nini, na jibu linategemea unapika vipi. Nimeshatumia njia zote nne hapa chini, kila moja ina mtu wake.

Vigezo nilivyotumia

Maadui wa hopsi ni hewa, joto na mwanga, na msimu wa masika naongeza unyevu. Uchungu wa bia unatoka kwenye asidi za alfa, ziko ndani ya ule unga wa njano unaoitwa lupulini pamoja na mafuta yenye harufu. Oksijeni ikizifikia asidi zinapungua nguvu, na mafuta yanawahi kuondoka kuliko hata uchungu. Peleti kwa vile zimesagwa na kushindiliwa zinachukua nafasi ndogo na hewa haiingii sana katikati, ila lupulini yake imeshapasuliwa, kwahiyo pakiti ikishafunguliwa inaharibika haraka. Maua mazima yenyewe yana hewa kila upande.

Kuhusu joto kuna kanuni moja ya makadirio inayosaidia sana: kila joto likishuka nyuzi 15, kasi ya kuharibika inapungua nusu. Chukua hiyo hiyo Cascade, ambayo ni moja ya zisizokaa vizuri, ukiiacha bila kuifunga kwenye nyuzi 20 inapoteza karibu nusu ya asidi zake za alfa ndani ya miezi 6. Kwa hesabu hiyo chumba cha Moshi mwezi wa pili, nyuzi 30, unapoteza kama theluthi mbili. Friji ya kawaida nyuzi 4, robo na ushee. Friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri, kama asilimia 11. Na ukiwa umetoa hewa kwenye mfuko usiopitisha hewa, kasi inapungua tena nusu, unabaki na hasara ya asilimia 5 au 6 tu kwa nusu mwaka. Aina ya Magnum inavumilia zaidi ya hapo, lakini mpangilio ni ule ule.

Kwahiyo njia zote nne nazipima zikiwa ndani ya friza. Mfuko mzuri juu ya kabati haushindi mfuko wa kawaida kwenye friza.

Vigezo vyenyewe ni hivi: hewa inayobaki ndani na ile inayopenya kwenye kuta za chombo, unyevu na harufu za friza, umeme ukikatika, gharama na upatikanaji hapa Arusha na Moshi, na kile ambacho naona watu wengi wanakiruka, yani inakuwaje ukifungua na kufunga tena. Hicho cha mwisho naomba ukipe uzito. Hopsi nyingi nilizoziona zimeharibika kwa watu hazikuharibika kwa kukaa, ziliharibika kwa kufunguliwa. Mtu ana nusu kilo kwenye mfuko mmoja, anachota gramu 30, mwezi ujao 30 nyingine, kila akifungua anaingiza hewa mpya na ile baridi ya mfuko inavuta mvuke wa jikoni, unaona kabisa ukungu unaganda kwenye peleti. Mara kumi hivyo, hata chombo kiwe cha bei gani kimeshindwa.

Mfuko wa zipu

Hii ndio wengi tunaanzia. Siongelei rambo, zile hata kabla hazijapigwa marufuku Juni 2019 hazikuwa za kazi hii. Naongelea ile mifuko minene ya chakula yenye zipu juu.

Hewa ndio udhaifu wake mkubwa. Plastiki ya kawaida inapitisha oksijeni polepole hata kama zipu imekaza, na unajua kabisa inapitisha kwa sababu ukifungua friza unasikia harufu ya hopsi, sasa kama harufu inatoka basi na hewa inaingia. Unaweza kupunguza hewa ya ndani kwa njia ya maji: acha zipu wazi kidogo tu pembeni, zamisha mfuko taratibu kwenye ndoo ya maji, maji yanaukandamiza hewa inatoka, ukifika karibu na zipu unafunga. Inafanya kazi vizuri kuliko kunyonya na mrija, ambapo unajikuta umepulizia mate na mvuke ndani. Weka mfuko ndani ya mfuko mwingine, inasaidia kiasi.

Harufu za friza nazo zinapenya. Kama friza yenu ina sato na maini, mafuta ya hopsi yanabadilishana harufu na majirani, nilishapata bia yenye kaharufu ka samaki na sitaki tena. Umeme ukikatika friza ikapata joto, unyevu unaingia kama zipu haijakaa vizuri. Ila gharama ni ndogo sana na kufungua na kufunga tena ni sekunde tano.

Inamfaa anayepika mara nyingi na anamaliza pakiti ndani ya mwezi mmoja au miwili, au anayeanza na bado hajajua kama ataendelea.

Chupa ya kioo

Ile ya mdomo mpana, ya asali au jamu, yenye kifuniko cha bati chenye mpira ndani. Kioo hakipitishi oksijeni hata kidogo, hakipitishi harufu, hakipati unyevu. Hopsi ni kavu kwahiyo chupa haipasuki kwenye friza kama inavyopasuka ukigandisha maji.

Tatizo ni hewa unayoifungia ndani wewe mwenyewe. Hewa ni oksijeni asilimia 21, kwahiyo chupa ya lita moja ukiweka gramu 50 za peleti umezifungia na oksijeni karibu mililita 200, zitakaa nayo miezi yote. Tumia chupa ndogo, jaza mpaka juu, gonga chini peleti zishuke uongeze. Ukipata vile vipakiti vya kunyonya oksijeni tumbukiza kimoja. Viangalie vizuri kabla hujanunua, vinavyofaa vina unga wa chuma, vile vya silika vinavyokuja kwenye boksi la viatu vinakunywa unyevu tu, oksijeni haviigusi. Baridi inavichelewesha, kwahiyo funga chupa, iache nje usiku mmoja ndipo uitie kwenye friza.

Mwanga unapita kwenye kioo, zungushia kaki au weka kwenye boksi. Harufu ya asali inaondoka ukiosha, ya achari haiondoki kwenye mpira wa kifuniko, usijisumbue nayo. Kufungua na kufunga ni rahisi ila kila ukichota, nafasi uliyoacha inajaa hewa. Umeme ukikatika chupa haina wasiwasi wowote. Gharama karibu hakuna, nyumbani zipo, tatizo ni nafasi, chupa nane zinakula friza ya familia na mama mwenye nyumba ana haki ya kulalamika.

Inamfaa mwenye aina nyingi za hopsi kidogo kidogo, anayependa kuona alichonacho, na mwenye friza yake.

Mashine ya vakyumu

Hapa nitakaa kidogo maana watu wanainunua wakidhani kazi imeisha.

Mashine inanyonya hewa afu inaunguza mdomo wa mfuko ukashikana. Mifuko yake ina tabaka zaidi ya moja, inazuia oksijeni kuliko mfuko wa zipu kwa mbali, ingawa haifikii foili wala kioo. Ikikaa vizuri unapata ile hasara ndogo niliyosema juu, na peleti zinakuwa tofali gumu ambalo unalipanga kwenye friza kama vitabu. Kwa nafasi hakuna inayoishinda.

Sasa mambo yanayoharibu. Unga wa hopsi unavutwa na hewa mpaka kwenye mdomo wa mfuko, mashine inaunguza juu ya unga, unaona imeshika, kesho yake mfuko umelegea. Dawa yake kunja kipande cha tishu safi weka juu ya hopsi kabla ya kunyonya, futa mdomo kwa kitambaa kikavu, na unguza mistari miwili. Kabla ya kurundika kwenye friza acha mifuko mezani mpaka kesho, ukibonyeza ukasikia peleti zinacheza, huo unavuja, rudia. Pili, maua mazima yakinyonywa kwa nguvu zote yanapondeka na lupulini inapasuka, simamisha mashine mapema. Tatu, mashine nyingi za nyumbani zinataka mifuko yake yenye vijimistari, ukiweka mfuko laini hewa haipati njia ya kutoka.

Kufungua na kufunga tena inawezekana ukikata mfuko mrefu tangu mwanzo, kila ukifungua unapoteza sentimita tatu nne. Lakini kusema kweli mtu mwenye hii mashine hana sababu ya kufungua tena, anagawa siku ya kwanza gramu 30 au 50 kila mfuko, siku ya kupika anakata mmoja anamaliza. Gharama ndio kikwazo, mashine yenyewe na mifuko yake si kila duka inayo, wengi wanaagiza. Ukigawana na wenzako watatu inakuwa nafuu, na nyumbani itafunga nyama na samaki pia.

Inamfaa anayepokea hopsi nyingi kwa mkupuo na kupika mara chache.

Mfuko wa foili

Hii ndio naona watu wa Arusha na Moshi hatuioni wakati iko mbele ya macho yetu. Ile mifuko mizito ya rangi ya fedha wanayofungia kahawa ya kukaanga, ina tabaka la alumini ndani, haipitishi mwanga na oksijeni ni kama haipiti. Kahawa na hopsi maadui wao ni wale wale, na huku ni nchi ya kahawa, kwahiyo maduka ya vifungashio yanayo kwa saizi tofauti. Chukua mipya. Mfuko uliokaa kahawa hata uoshe mara tano utakupa bia yenye harufu ya kahawa. Chukua isiyo na kile kivalvu cha duara, kahawa inakihitaji kwa sababu inatoa gesi, hopsi hazikihitaji.

Kufunga tumia ile mashine ndogo ya kubania mifuko, wauza karanga na ubuyu wanayo, ukimwomba jirani anakubania mifuko kumi kwa dakika mbili. Pasi ya nguo nayo inafanya, weka karatasi juu na jaribu kwanza kwenye mfuko mtupu upate joto lake. Hewa ya ndani unaikamua kwa mkono ukikunja mfuko kuanzia chini, haiishi yote, ndio maana kipakiti cha kunyonya oksijeni kinaendana na mfuko huu kuliko kitu kingine. Wenye mashine ya vakyumu wanachomeka kipande chembamba cha ule mfuko wenye vijimistari kwenye mdomo wa foili, hewa inapata njia, inanyonya vizuri kabisa.

Umeme ukikatika haina shida, unyevu hauingii. Kufungua na kufunga tena, ile zipu yake si ya kuiamini kwa miezi, ibanie upya kwa joto. Na huoni ndani, kwahiyo andika juu kwa maka peni: jina, asilimia ya alfa, mwaka wa mavuno, gramu, tarehe uliyofunga. Mimi nilishawahi kuwa na mifuko sita ya fedha isiyo na jina, nikawa nafungua kunusa, yani kila niliyoinusa nimeiharibu kidogo.

Inamfaa asiyetaka kununua mashine lakini anataka hopsi zifike mwaka, na asiyeiamini friza yake.

Kuhusu friza na umeme

Friza iliyojaa ikiachwa bila kufunguliwa inashika ubaridi kama siku mbili, iliyojaa nusu siku moja. Jaza nafasi kwa chupa za maji ya kugandisha, zinasaidia na nyama pia. Hopsi ziweke chini katikati, si mlangoni. Ukitoa mfuko kwenye friza usiufungue hapo hapo, uache mezani mpaka upoteze ubaridi ndipo ukate, hasa mwezi wa nne mvua ikiwa kila siku, la sivyo unyevu wote wa jikoni unakimbilia ndani. Lakini ukishakata, tumia.

Sasa wewe uko wapi?

Kama umeletewa vipakiti vidogo vya gramu 28 ambavyo kiwanda kimeshavifunga kwenye foili, usihamishe kwenda popote. Hivyo vilivyo, friza, fungua siku ya kupika. Nimeona mtu kavimwaga vyote kwenye chupa moja nzuri akidhani anavitunza.

Kama imekuja nusu kilo au kilo na unapika bia ya lita 20 mara moja kila miezi miwili, gawa siku hiyo hiyo. Mashine ukiipata kwa rafiki sawa, ukikosa foili na vipakiti vya oksijeni. Pima kwa mizani kiasi cha mpiko mmoja kwa kila mfuko.

Unapika kila wiki au mnapika kikundi na hopsi zinaisha haraka? Chupa ndogo au hata zipu zinatosha, hela ya mashine nunua kimea.

Uko chumba cha kupanga, friji ndogo yenye kafriza ka barafu tu, hapo foili ndio rafiki yako, na agiza zile zinazovumilia kama Magnum kwa ajili ya uchungu, zile za harufu agiza kidogo za kutumia ndani ya wiki chache. Uko Moshi mjini na huna friji kabisa, usiweke akiba, omba kona kwenye friza ya jirani, mfuko wa foili hautamwachia harufu kwenye nyama zake.

Una maua mazima, foili kubwa au chupa kubwa iliyojazwa vizuri, vakyumu kwa upole.

Na kama unazo za zamani ambazo hujui zimepitia nini, vunja kipunje unuse kabla hujawasha jiko. Kama harufu imefifia tu bila ubaya, zitumie mwanzo wa kuchemsha kwa uchungu na ongeza kiasi: pakiti ilisema alfa asilimia 10, wewe unakadiria imebaki 8, basi pale ulipopanga gramu 20 weka 25. Mwishoni usiziweke, harufu haipo tena ya kutoa. Zikiwa zimeshafika kwenye jibini, Wabelgiji wanaopika bia chachu iitwayo lambiki wanazeesha hopsi kwa makusudi miaka kadhaa ili uchungu uondoke wabaki na ile nguvu ya kuzuia bakteria, lakini bia yao inakaa kwenye mapipa muda mrefu sana, na ya kwako ya wiki tatu itatoka na hiyo jibini kwenye glasi.